Sola na upepo kwenye betri moja: mfumo wa volti 24 kwa nyumba ya Pwani

Piga hesabu ya matumizi kwanza. Taa, televisheni, simu na friji ndogo ya DC (inayotumia umeme wa betri moja kwa moja) vikila wati-saa 1,500 kwa siku, paneli mbili za wati 300 zinatosha siku za jua: ukiondoa upotevu, hutoa kama 2,200. Betri ya lithiamu (LiFePO4) ya ampea-saa 100 hubeba takriban 2,400.

Upepo ni wa kuziba pengo la siku za mawingu, Kusi likishika. Wakati wa matlai (upepo unapokuwa mwepesi) usiutegemee. Na muuzaji akikuahidi chaji ya usiku kucha, kumbuka kwamba upepo wa bahari huwa na nguvu zaidi alasiri.

Mtambo wa upepo wenye mapanga ya kipenyo cha mita 1.8 hutoa kama wati 55 upepo ukiwa mita 5 kwa sekunde, hata kibandiko kikisema 400. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nane. Ndiyo maana mlingoti mfupi ni hasara. Mapanga yawe juu ya minazi na mapaa yaliyo ndani ya mita 100, tena kwa mita 10 hivi. Haiwezekani? Achana na upepo, ongeza paneli. Usiufunge mtambo juu ya paa: mtikisiko utalegeza mbao.

Kila chanzo kiwe na kontrola yake (kifaa kinachosimamia chaji ya betri) na fyuzi yake karibu na betri. Hapa ndipo wengi huunguza vitu. Betri ikijaa, paneli unaweza kuzikata tu, lakini mtambo ukikatiwa mzigo huzunguka ovyo, volti hupanda na kuua inveta (inayogeuza umeme wa DC kuwa AC), mapanga nayo huweza kuvunjika. Kwa hiyo kontrola ya upepo lazima ihamishie umeme wa ziada kwenye rezista, kifaa kinachougeuza kuwa joto. Ya omu 1.5 humeza zaidi ya wati 500 kwenye volti 28. Ifunge kwenye ukuta wa tofali, mbali na mbao, maana huchemka. Iweke ianze kazi kwenye volti 28, kabla betri haijajikata yenyewe karibu na 29.

Kufunga: betri kwanza, kisha kontrola na rezista. Swichi ya breki ikae kwenye nyaya tatu za mtambo, kabla ya rektifaya (inayogeuza umeme wa AC wa mtambo kuwa DC). Piga nyaya hizo shoti (ziunganishe pamoja) kwa swichi hiyo ndipo msimamishe mlingoti. Breki ifunguliwe mwisho kabisa. Baadaye ukitaka kuuzuia mtambo kwa breki, subiri upepo utulie, la sivyo koili zitaungua.

Chumvi hula viungo: vipake grisi, na kaza waya za mlingoti baada ya wiki ya kwanza.