Kitanda Kitupu Chatisha Kuliko Zimwi
Mwandishi wa hadithi za kutisha, au mchoraji wa kujifurahisha aliyeishiwa na mawazo, asianze kwa kubuni zimwi jipya, bali achunguze namna watu wanavyoishi na hofu waliyo nayo tayari. Mwaka 1995, uvumi wa Popobawa, zimwi lenye mabawa ya popo linalosemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala vyumbani, ulipoenea kutoka Pemba hadi Unguja, watu wengi walivihama vyumba vyao wakakesha nje kwa makundi, wakiuzunguka moto. Kwangu mimi, jamvi lililotandikwa uani na kitanda kitupu ndani, chandarua kikiwa bado kimeshushwa, vinatisha kuliko mabawa yoyote ya popo. Weka daftari karibu na mto, uandike kitu kimoja cha namna hiyo kila usiku, kisha hadithi au mchoro uanzie hapo, zimwi lenyewe likisubiri nje ya ukurasa.