Kulinda hezi 50 kwenye gridi ndogo za visiwa vya Lamu

Sola ikichukua nafasi ya jenereta, uzito unaozunguka hupungua na frikwensi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, hupimwa kwa hezi) huanguka haraka hitilafu ikitokea. Piga hesabu ya kasi ya kuanguka kwanza: kilowati zinazoweza kupotea ghafla mara 50, gawa kwa (2 × H × kVA za jenereta). H ni sekunde ambazo nishati ya uzito unaozunguka ingeweza kubeba mzigo kamili; kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta. Jenereta ya kVA 500, H sekunde 1, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola kuwa wa gridi) ya kilowati 100 ikizima: hezi 5 kwa sekunde. Frikwensi itafika 49 ndani ya sekunde 0.2, na gavana ya dizeli (kidhibiti cha mafuta ya injini) haiwahi.

Kwa hiyo betri ianze kusukuma umeme frikwensi ikifika hezi 49.8. Ikifika 49, relei (swichi inayojiendesha) ikate mtambo wa barafu na pampu. Zahanati isiguswe kamwe. Kagua pia inveta za sola: zikiwekwa kujitoa frikwensi inapoanguka kwa hezi 0.5 kwa sekunde, zote zitajitoa pamoja, na hapo kisiwa kizima gizani.