Mbwa anakohoa: damu inakwambia nini, na haikwambii nini

Mbwa anayekohoa kikavu kana kwamba mfupa umemkwama kooni, lakini bado anakula na kubweka, mara nyingi hana haja ya kutolewa damu. Hicho ni kikohozi cha kuambukizana, bakteria Bordetella bronchiseptica huwa mmoja wa wasababishi, na hesabu ya chembe za damu kwa kawaida hurudi safi. Damu ina kazi pale unaposhuku nimonia: joto limepita nyuzi 39.5, kamasi ni za manjano, chakula hataki, pumzi zinazidi 40 kwa dakika. Pumzi zihesabu akiwa amelala, kwani kwa joto la Mombasa hata mbwa mzima huhema. Akiwa usingizini, chini ya 30 ni sawa.

Toa damu kabla ya antibiotiki, na hasa kabla ya steroidi. Dozi moja tu ya deksamethasoni, ambayo ni steroidi, hupandisha nyutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na bakteria) na kukuchorea ugonjwa usiokuwepo.

Kwa mbwa mkubwa tumia mshipa wa shingo na sindano ya geji 21. Tyubu ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), ijaze hadi kwenye mstari. Ukiijaza nusu, dawa huzidi damu na chembe husinyaa. Igeuze taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise. Ukihangaika sana na mshipa, damu huanza kuganda ndani ya bomba la sindano, na mabonge madogo hula chembe sahani (zile za kugandisha damu), kisha mashine ikakwambia ni chache. Damu ya tyubu ya kifuniko chekundu iache igande nusu saa, kisha izungushwe kupata seramu (maji ya damu) ya kupima CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi.

Slaidi, kioo cha kutazamia damu kwenye hadubini, ipakwe papo hapo, na ikaushwe kwa feni. Unyevu wa pwani ndio unaoharibu nyingi: tone likikauka polepole, chembe nyekundu huota vishimo ving'aavyo, na asiye mzoefu huapa kwamba ni babesia, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe. Kama unavuka kivuko cha Likoni kwenda maabara, tyubu iwe kwenye kasha la barafu, imefungwa gazeti isigusane na barafu yenyewe, maana damu ikiganda kwa baridi chembe hupasuka. Slaidi isafiri nje ya kasha hilo.

Pia uliza kama mashine imewekwa kwa damu ya mbwa. Ile ya binadamu hukosea, na kipimo cha CRP cha binadamu huenda kisiitambue kabisa CRP ya mbwa.

Majibu yakija, usikimbilie jumla ya chembe nyeupe, ambayo kawaida yake ni kama 6,000 hadi 17,000 kwa mikrolita. Tafuta nyutrofili changa. Zikizidi 300 kwa mikrolita, na kwenye slaidi nyutrofili zina saitoplazimu ya samawati yenye matundu, mwili unapigana kweli. Nyutrofili zikiwa juu bila changa, huku limfositi na eosinofili (aina nyingine za chembe nyeupe) zimeshuka, fikiria msongo wa mwili au steroidi. Changa zikiwapita wakomavu na jumla iko chini, uboho umeelemewa: mbwa huyo alazwe, apewe oksijeni, asirudi nyumbani. Lakini hesabu ya kawaida haimtoi mbwa kwenye nimonia. Wako wengi wenye mapafu mabaya na hesabu nzuri.

Hapo CRP husaidia zaidi. Mbwa mzima huwa chini ya 10 mg/L au karibu na hapo. Anayekohoa akivuka 100, nimonia ya bakteria ndiyo ya kushukiwa kwanza. Tatizo la kwetu ni kupe: babesia na Ehrlichia canis nazo huipandisha, kwa hiyo chembe sahani zikiwa chini, pima magonjwa ya kupe kabla ya kulaumu mapafu. Eosinofili zikiwa nyingi, weka tone la damu mbichi chini ya hadubini uone kama kuna vimelea vinavyojinyonganyonga, yaani watoto wa minyoo. Minyoo ya moyo, inayoletwa na mbu, nayo hukohoza. Usipoviona, fanya kipimo cha antijeni (protini za mnyoo mwenyewe), kwani si kila mwenye minyoo huwa na vimelea kwenye damu.

Jina la bakteria damu haikupi. Hilo hutoka kwenye maji ya kuosha koromeo la hewa, yaliyooteshwa maabara, pamoja na eksirei ya kifua. Dawa ikishaanza, rudia CRP baada ya saa 48 hadi 72. Isiposhuka, rudi kwenye majibu ya kuotesha kabla ya kuongeza dozi.