Kutoka Mtwara Kwenda Kaskazini kwa Gari: Safari Inayopangwa kwa Mito

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni, tunapokuja likizo Mtwara, hutua kwa ndege, hukaa kwa wazazi wiki mbili au tatu, kisha huondoka kwa ndege vilevile, na nchi yote iliyo kati ya Mtwara na Dar es Salaam tunaijua kwa kuichungulia dirishani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kuipita nchi hiyo akiwa ameshika usukani mwenyewe: kutoka Mtwara kwenda kaskazini kupitia Lindi na Kilwa, kisha kuiacha lami Kibiti na kuingia nyikani hadi Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ni safari ya siku sita au saba kwa asiyetaka kukimbizana na saa, na sishauri mtu aifanye kwa siku chache zaidi ya hizo.

Mjomba wangu aliyeendesha malori njia hiyo tangu enzi za pantoni ya Rufiji aliniuliza swali moja tu nilipomweleza mpango wangu. "Mjomba, unakwenda mwezi gani?" Hakuuliza gari gani wala nina fedha kiasi gani. Nilipomjibu kwamba ni Desemba, kwa kuwa ndipo mwajiri wangu hunipa likizo, alinyamaza kidogo, akasema: "Basi utafika Kilwa. Huko mbele tutaongea mwakani." Nilidhani ananitania, lakini mwaka huo niliishia Kilwa kweli.

Barabara hii inakatiza mito mikubwa minne: Lukuledi kabla ya kufika Lindi, Mbwemkuru kwenye mpaka wa Lindi na Kilwa, Matandu kaskazini ya Nangurukuru, na Rufiji yenyewe. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla yake magari yalisubiri pantoni, huku Kusini ikikatika na nchi nyingine kila masika. Kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga ndicho kilichochelewa kuliko vyote kupata lami, na hata baada ya kuipata, maji hayajakubali kushindwa: Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara maeneo ya Somanga, malori na mabasi yakakwama pande zote mbili. Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi ya ndege, tazama kalenda ya mvua. Kusini ina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Miezi mizuri ni kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Oktoba. Ambaye likizo yake ni ya Desemba pekee apange kuishia Kilwa, aiache nyika kwa mwaka mwingine, na siku moja kabla ya kuondoka ampigie simu mtu aliyeko Nangurukuru au Somanga amuulize hali ya njia. Taarifa ya mtu aliye barabarani asubuhi hiyo ina faida kuliko ramani ya simu, ambayo haijui daraja lipi limesombwa jana.

Kuhusu gari, kwa lami peke yake gari dogo linatosha. Kwa kipande cha Kibiti hadi hifadhini, na ndani ya hifadhi, unahitaji gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne na lililoinuka. Magari ya namna hiyo ya kukodi ni machache Mtwara, hivyo wengi hukodi Dar es Salaam na kuianza safari upande wa pili, jambo ambalo halina ubaya, isipokuwa utakutana na nyika kabla ya kuzizoea tena barabara zetu. Ukikodi, hakikisha mkataba unasema kwa maandishi kwamba gari linaruhusiwa kutoka nje ya mkoa, kupita barabara ya vumbi na kuingia hifadhini, na kwamba ni wewe utakayeendesha, kwa sababu kampuni nyingi huchukulia kwamba gari linakwenda pamoja na dereva wao. Uliza pia bima: bima ndogo hulipa madhara ya mtu wa pili tu, na tairi likichanika au kioo kikipasuka ni mfuko wako, bima kubwa ndiyo ya safari kama hii. Ukiazima gari la ndugu, chukua nakala ya kadi ya gari pamoja na barua fupi yenye saini yake.

Leseni ya Tanzania iliyokwisha muda ukiwa nje haina kazi, kwa hiyo ihuishe mapema au uje na kibali cha kimataifa cha udereva ulichokipata nchi unakoishi, ukiambatanishe na leseni ya huko. Ndani ya gari kuwe na kizimamoto ambacho muda wake haujaisha, pembetatu za tahadhari na spea yenye upepo. Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu.

Mara ya pili nilipokwenda, mwezi wa saba, nilikuwa na gari la mjomba huyohuyo, na tulipata pancha kati ya Mbwemkuru na Kiranjeranje, saa tisa alasiri, jua kali. Jeki ilikuwepo, spana ilikuwepo, lakini spea ilipogusa lami ilikaa chini kama chapati. Kijana wa bodaboda alilifunga tairi nyuma ya kiti chake kwa mpira, tukaenda Kiranjeranje nikiwa nimelikumbatia. Fundi alilijaza upepo, akalizungusha kwenye karai la maji, hakuona kitu. Kisha akalowesha kidole kwa mate, akakipaka kwenye mdomo wa valvu, na sote tukatazama povu dogo likivimba polepole mpaka likapasuka. Tairi lilikuwa zima. Ni valvu iliyokuwa ikivuja, pengine kwa miezi kadhaa, nyuma ya gari ambako hakuna anayetazama. Tangu siku hiyo huanzia gereji, Mtwara mjini, kwa kumwomba fundi apime matairi matano badala ya manne, na hubeba pampu ndogo inayochomekwa kwenye umeme wa gari.

Siku ya kwanza isiwe ndefu. Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 105, na ni vizuri kusimama Mikindani, ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866 na ambako Boma la Wajerumani la mwaka 1895 bado linaitazama ghuba. Kusimama huko pia kunakupa muda wa kuizoea tena kushoto, kama unatokea Marekani au Ulaya bara, kwa sababu kosa la upande halifanyiki ukiwa makini mjini, bali asubuhi unapotoka kituo cha mafuta na barabara ni tupu. Kutoka hapo ni mikorosho na minazi. Ukipita mwezi wa saba utanusa salfa kabla ya kuwaona wanaoipuliza, kwa kuwa ndio msimu wa kuikinga mikorosho inapotoa maua. Funga vioo, hasa kama mna mtoto mwenye pumu. Kuanzia Oktoba barabara hujaa malori ya korosho yanayoshuka bandarini Mtwara, na hayo ni mazito, hayakupishi upesi, nawe usiyalazimishe.

Vibao vya kilomita 50 kwa saa viko kwenye kila kijiji, na askari wa usalama barabarani wako navyo. Ukipigwa tochi, kosa moja ni shilingi 30,000, hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki, na risiti unapewa. Usibishane, wala usitoe noti mkononi. Kibaya zaidi kuliko faini ni mbuzi, watoto na baiskeli zisizo na taa, ndiyo maana nasisitiza jambo ambalo vijana hulipuuza: usiendeshe usiku. Jua letu haliagi kwa saa mbili nzima kama la Ulaya kiangazi; saa kumi na mbili na nusu jioni ni giza. Anza saa kumi na mbili asubuhi, na ifikapo saa kumi jioni uwe umeshaulizia chumba. Mafuta jaza Mtwara, Lindi, Nangurukuru na Kibiti, kila mara tangi linapofika nusu. Fedha taslimu na salio la simu viwepo vyote viwili, kwa kuwa mashine za benki ziko mijini tu.

Njiani kati ya Lindi na Mbwemkuru, ndani zaidi upande wa magharibi, kuna kilima cha Tendaguru ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, wanyama wakubwa wa kale, kati ya mwaka 1909 na 1913. Walioko Berlin wanaweza kumwona mmoja wao akiwa amesimamishwa katika jumba la makumbusho, kimo cha zaidi ya mita 13. Kilimani penyewe hakuna mfupa wa kutazama, njia ni mbovu na bila mwenyeji utapotea. Mimi sipapendekezi kwa mwenye siku sita. Nunua ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, ya kuchemsha kwa kina mama wa barabarani, yenye chumvi na pilipili, watoto wetu waliozaliwa nje waijue, kisha endelea.

Kilwa, kinyume chake, ipe siku nzima na zaidi. Kutoka Nangurukuru unaiacha barabara kuu na kwenda Kilwa Masoko, ambako kabla ya kuvuka hulipiwa kibali katika ofisi ya mambo ya kale. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331 na kuusifu, na Msikiti Mkuu wenye kuba zake na kasri la Husuni Kubwa lililo ukingoni mwa jabali vinatosha kumwelewesha mtu kwa nini. Vuka asubuhi: mwezi wa saba na wa nane upepo wa kusi huamka mchana, na boti inayorudi alasiri huwalowesha abiria mpaka ndani ya mabegi. Anayependa historia ya karibu zaidi apite pia Kilwa Kivinje, mji wa misafara na wa vita vya Majimaji, ambako milango ya kuchonga inaanguka mmoja mmoja, na inauma kuiona.

Kutoka Kilwa unavuka Matandu, unapita Somanga taratibu, unavuka Rufiji na kufika Kibiti. Hapo ndipo safari inapobadilika. Unaiacha lami kuelekea magharibi hadi kijiji cha Mloka na lango la Mtemere, njia isiyopungua kilomita 100 ya vumbi, mchanga na, mahali pengine, udongo mweusi ambao ukilowa hukamata gurudumu kama gundi. Itengee nusu siku nzima. Punguza upepo wa matairi kidogo kwenye mchanga, na ujaze tena ukirudi kwenye lami. Nunua maji na chakula Kibiti, mjulishe mtu mmoja saa unayotarajia kufika Mloka, na ulale Mloka siku hiyo badala ya kulikimbilia lango.

Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na ina kilomita za mraba 30,893. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Njoo na kadi ya benki au lipia kwa namba ya malipo. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango kidogo sana kulinganisha na cha mgeni, lakini lazima aonyeshe pasi au kitambulisho cha taifa. Mtanzania aliyechukua uraia wa nje, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, langoni ni mgeni hata akiongea Kimakonde na askari. Liwekeni hilo kwenye bajeti kabla hamjatoka Toronto au London, maana nimeona familia ikigawanyika langoni, baba akiingia na watoto wakibaki garini kuhesabu dola.

Omba mwongozaji akae nanyi ndani ya gari, hata kama unajivunia udereva wako, kwa kuwa njia kandokando ya maziwa ya Manze na Tagalala hugawanyika ovyo na vibao ni vichache. Msitoke nje ya njia, msishuke garini isipokuwa mahali paliporuhusiwa. Msivae nguo nyeusi wala za buluu, kwani ndizo zinazowaita mbung'o, na kuumwa kwao hupenya shati. Wanaoishi nje kwa miaka mingi wamepoteza kinga ya malaria, hivyo waanze dawa ya kuzuia kabla ya kusafiri na walale ndani ya chandarua. Kama mna siku mbili, moja iwe ya gari, mkitafuta mbwa mwitu, ambao nyika hii ni mojawapo ya ngome zao kubwa Afrika. Nyingine liacheni gari kambini mpande boti mtoni, kati ya viboko na mivumo mirefu isiyo na matawi.

Kibali huhesabiwa saa 24 tangu mlipoingia. Tazameni muda uliopigwa kwenye risiti, siyo saa mliyoanza kuona tembo, na mgeukie langoni mkiwa na saa moja na nusu mkononi, kwa sababu tembo wakikaa katikati ya njia hakuna wa kuwapigia honi.