Kidole Kinagonga Tairi: Kurekebisha Baiskeli kwa Mwenye Mguu Namba 46 Kwenda Juu

Jumamosi iliyopita kijana wa jirani alikuja kwangu Kigamboni akiburuta baiskeli yake ya mtumba, raba ya kulia imechanika puani. "Kaka, hii baiskeli ina mkosi. Nikikata kona tu inanitupa." Asubuhi hiyo ilimtupa kwenye foleni ya pantoni, upande wa Magogoni, mbele ya akina mama wenye ndoo za samaki. Goti lilichubuka, lakini kilichomuuma zaidi ni kile kicheko.

Mkosi hakuna. Anavaa namba 47. Ukikata usukani sana, ukingo wa nyuma wa gurudumu la mbele unaingia kwenye njia ya mguu, kidole na tairi vinakutana, na wewe unakwenda chini. Jambo hili hutokea kwenye mwendo wa kinyonga tu: foleni, kugeuza, kukwepa shimo. Ukiwa kasi hukati usukani kiasi hicho, unalaza baiskeli. Kwa hiyo usiiuze kwanza.

Hatua ya 1: Pima

Vaa viatu unavyoendeshea, siyo ndala. Mtu akushikie baiskeli. Panda, weka krenki (ule mkono unaobeba pedali) ilale sawa na ardhi, mguu mmoja mbele, halafu zungusha usukani polepole. Kumbuka hili maana wengi wanalichanganya: ukikata kulia, unaogongwa ni mguu wa kushoto, ukikata kushoto, ni wa kulia.

Kisha chukua futikamba. Pima kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi katikati ya ekseli ya gurudumu la mbele. Ya kijana ilikuwa milimita 590. Toa urefu wa krenki (umegongwa nyuma yake, karibu na tundu la pedali, yake ni 170). Toa tena umbali kutoka ekseli ya pedali hadi ncha ya kiatu, yake 135. Zikabaki 285, ndiyo nafasi iliyobaki kwa gurudumu. Gurudumu la 700 lenye tairi la 28 lina nusu kipenyo cha milimita 339 hivi. Anadaiwa zaidi ya sentimita tano.

Hatua ya 2: Rudisha mguu mahali pake

Ile 135 ndiyo iliyonishtua. Alikuwa anakanyaga pedali kwa katikati ya unyayo, kama wengi wetu tuliojifunzia baiskeli za wazee tukiwa peku. Sehemu pana ya unyayo, pale kidole gumba kinapoanzia, ndiyo ikae juu ya ekseli ya pedali. Tulipomrudisha hapo, 135 ikawa 105. Sentimita tatu bure, bila spana. Usizidishe ukakanyagia vidole. Mshipa wa kisigino utakudai baada ya siku mbili.

Wenye viatu vya kunasa kwenye pedali waangalie jambo moja. Wenye miguu mikubwa hupenda kusogeza kile chuma cha chini ya soli kuelekea kisigino ili mashavu ya miguu yapumzike. Yatapumzika, ila kiatu kizima kinasogea mbele na kidole kinalifuata tairi. Chagua lipi linakusumbua zaidi.

Kiatu nacho kina neno. Raba nene yenye pua ya mpira inaongeza sentimita nzima. Najua kupata 47 pale Karume ni bahati nasibu, lakini ukikuta mbili, chukua yenye pua fupi.

Hatua ya 3: Madigadi la mbele

Ling'oe. Najua masika. Madigadi linaongeza unene wa gurudumu, na kidole kikilinasa linaweza kujikunja likaingia kwenye tairi. Afadhali matope usoni.

Hatua ya 4: Krenki fupi

Hapa ndipo nilipopoteza Jumapili nzima kwenye baiskeli yangu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kutoka 170 kwenda 165 unapata milimita tano. Zinasikika kama mzaha. Lakini fremu kubwa nyingi huja na 175, na ukishuka hadi 165 hapo ni sentimita nzima. Mlima utausikia mzito kidogo, na Dar milima yenyewe ni ya kuhesabu.

Kwanza tambua aina ya krenki. Kama ya kushoto imebanwa na bolti mbili ndogo ubavuni, una bahati: zilegeze, fungua kifuniko, vuta. Kama ni baiskeli ya chuma yenye kota pini (pini inayopigiliwa kubana krenki), achana na hatua hii. Zilizobaki, hasa za mtumba, zina ekseli ya pembe nne, na hizo zinahitaji pula, kifaa cha kuvutia krenki. Fundi akikuambia anaitoa kwa nyundo, chukua baiskeli yako uondoke. Nyundo inaumiza beringi za katikati na kupindisha sahani ya meno.

Sasa kosa langu. Nilifungua bolti kubwa kwa soketi namba 14, nikafungia pula, nikaanza kukaza. Ikagoma. Nikaongeza bomba kwenye spana kupata nguvu. Pakasikika "prrr" laini, pula ikatoka mkononi ikiwa imebeba nyuzi za alumini kama nywele. Tredi za krenki, zile nyuzi pula inamofungwa, zote zimekwisha. Sababu ilikuwa washa, kile kipete bapa kinachokaa chini ya bolti. Bolti ilitoka, washa ikabaki imeganda ndani kwa grisi nyeusi, ina rangi ile ile ya ekseli, sikuiona. Pula ilikuwa inasukuma washa, na washa imeegemea krenki yenyewe. Sawa na kujaribu kunyanyua mkeka uliokalia.

Kwa hiyo:

- Ukishatoa bolti, mulika ndani kwa tochi ya simu. Chokoa kwa bisibisi nyembamba mpaka uhakikishe washa imetoka.
- Safisha tredi kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa. Mchanga wa Kigamboni haupendi tredi.
- Fungia pula kwa vidole, siyo spana, mpaka iishe yote ndani. Ikibaki imeshika nusu, ujue itang'oa. Ikigoma mapema, imeingia upande. Toa, anza upya.
- Ndipo ukaze ule mchi wa katikati kwa spana. Itakuwa ngumu, halafu italegea ghafla. Chunga vidole visipigwe na meno.

Ukishaharibu tredi kama mimi, kuna njia ya aibu: acha bolti nje, endesha mtaani taratibu mpaka krenki ilegee yenyewe. Nilizunguka mtaa hadi giza. Njia hii inaua tundu la krenki, kwa hiyo ni ya krenki unayoitupa tu.

Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Wanaolisahau hili hukaza mpaka wakate tamaa.

Kariakoo nenda na krenki ya zamani mkononi, usielezee kwa maneno. Pembe nne za Kijapani na za Kiitaliano hazikai sawa. Ukishafunga, kaza hasa, endesha safari moja, kisha angalia bolti. Ikianza kulia "ka, ka" ukikanyaga, shuka hapo hapo. Krenki iliyolegea inakula tundu lake.

Hatua ya 5: Siti

Krenki imepungua milimita tano, pandisha siti milimita tano. Basi. Na usidanganywe kuisogeza nyuma ili kidole kisigonge: mguu uko kwenye pedali, siti haiusogezi hata chembe. Kubadilisha shingo ya usukani ni vivyo hivyo.

Hatua ya 6: Kukata kona

Kwa futikamba kijana bado anadaiwa kama sentimita mbili. Kwa vitendo kidole kinagusa juu juu tu, kwa kuwa tairi likipinda, ukingo wake wa nyuma unasogea mbele pia. Kilichobaki ni mazoea: kwenye kona ya polepole, mguu wa upande unaokwenda uwe mbele, wa upande wa pili uwe nyuma, na usikanyage mzunguko mzima. Tulifanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira, kuzunguka tofali, kama dakika ishirini.

Usifanye

Kuna aliyemshauri apeleke uma wa mbele kwa mchomeleaji upashwe moto na kunyooshwa mbele. Ni uma wa alumini. Ukikatika utakuwa Daraja la Nyerere, siyo uwanjani.

Kama bado hujanunua

Nenda na futikamba. Kwa namba 47 na krenki ya 170, tafuta umbali wa ekseli kwa ekseli usiopungua 600, na 610 ukiweza. Ukitaka madigadi ongeza sentimita mbili. Phoenix ya mzee wako haikuwahi kukugonga kidole kwa sababu uma wake umelala na gurudumu liko mbali mbele.