Baiskeli isiyo na pedeli kwa mtoto mdogo: pima mguu kwanza, rangi baadae

Hizi baiskeli ndogo za tairi mbili ambazo hazina pedeli wala cheni, mtoto anakaa kwenye siti anasukuma chini kwa miguu yake mwenyewe, zimeanza kuonekana kwenye maduka ya vitu vya watoto na kwenye mtumba, na wazazi wengi wakiikuta wanauliza hii mbona imetolewa vitu, imeharibika? Haijaharibika, ndo ilivyo. Tena mashine ya kwanza ya tairi mbili ilikuwa hivyohivyo, Mjerumani Karl Drais aliiendesha pale Mannheim mwaka 1817, ya mbao, haina pedeli, mtu mzima na akili zake amekaa juu anasukuma kwa miguu. Na wenzetu wa Goma mpaka leo wana chukudu, mbao na magurudumu mawili tu, mtu anashuka nayo mlimani na magunia ya mkaa na viazi. Kwa hiyo tuache kuiona kama kituko.

Faida yake ni kwamba kitu kigumu kwenye baiskeli sio kukanyaga pedeli, kukanyaga mtoto anajifunza haraka tu, kigumu ni kukaa juu ya tairi mbili bila kuanguka. Sasa ya miguu mitatu au ile yenye vitairi vya pembeni hailali ikikata kona, inasimama wima muda wote, mtoto anazoea kujilaza bila mpango wowote na siku ukitoa vile vitairi anaanza moja. Kwenye hii isiyo na pedeli anajifunza balansi kwanza, miguu iko chini, akiona mambo yamekuwa magumu anasimama.

Ukienda kununua muuzaji atakuuliza mtoto ana miaka mingapi, alafu atakuonyesha boksi limeandikwa miaka 2 mpaka 6. Achana na boksi. Watoto wawili wa miaka miwili na nusu mmoja anaweza kumzidi mwenzake miguu kwa vidole vitatu vinne, kinachokuhusu wewe ni urefu wa mguu wake kwa ndani, kama fundi nguo anavyopima suruali. Msimamishe ukutani amevaa viatu vyake, chukua kitabu chenye jalada gumu kipitishe katikati ya miguu mgongo wake ukiwa juu, kipandishe mpaka kiguse kabisa bila kumuumiza, weka alama ukutani na penseli, pima toka chini mpaka kwenye alama. Mtoto hatulii, najua, pima mara mbili.

Hicho kipimo ndo unaenda nacho dukani pamoja na futi. Siti ikishushwa mpaka mwisho wake iwe chini ya hicho kipimo kwa kama sm 3 hivi, yani mtoto mwenye sm 36 atafute ambayo siti inashuka mpaka 33 au chini zaidi. Lengo ni akikaa nyayo zote mbili zilale chini na magoti yakunje kidogo, akigusa kwa vidole tu hiyo ni kubwa kwake, na ule msemo wetu wa "atakua tu" hapa haufanyi kazi, kwa sababu baiskeli ikiwa juu anaogopa, akishaogopa inabaki kuning'inia stoo. Kukua kwake kunatazamwa kwa upande wa juu: angalia bomba la siti linapanda kiasi gani kabla hujafika kwenye ule mstari uliochorwa wa mwisho. Na usidanganyike na inchi za tairi, karibu zote utakazokutana nazo ni inchi 12 lakini siti zinapishana sana.

Kitu cha pili ni uzito. Kwa kawaida isizidi kama theluthi moja ya uzito wa mtoto, ikiwa chini ya hapo ndo vizuri, mtoto wa kilo 12 akipewa ya kilo 3 na nusu anaiinua mwenyewe ikianguka, ukimpa ya kilo 6 atakuita kila dakika. Pia kumbuka akichoka katikati ya safari atakayeibeba mpaka nyumbani ni wewe.

Tairi sasa. Kuna za upepo na kuna za foamu ngumu zisizo na upepo. Za foamu ni nyepesi na hazijui pancha, kwa watu wa Dodoma na ile miiba hilo ni jambo kubwa, ila zinateleza kwenye tailsi zenye maji na kwenye mawe zinamtikisa mtoto mpaka meno. Kwa mitaa yetu ya Dar yenye mchanga na vifusi mimi nachagua za upepo, pana kiasi, alafu naangalia pua ya tyubu iwe aina ile ya pikipiki ili fundi yeyote wa bodaboda aweze kujaza. Kama mtoto atachezea barazani na kwenye pevingi tu, chukua za foamu usijisumbue.

Breki wengi wanaulizia sana. Mtoto chini ya miaka mitatu vidole vyake bado havina nguvu ya kuminya breki, anasimama kwa miguu, kwa hiyo usilipe hela ya ziada kwa breki ambayo hataigusa. Akifika mitatu na nusu au minne, au kama mnakaa sehemu za vilima kama Lushoto, breki moja ya mkono ya nyuma ina maana, lakini minya mwenyewe kwanza, ikiwa ngumu kwako yeye haiwezi.

Za mbao ni nzuri kwa macho ila siti zake nyingi zinapanda kwa matundu machache tu, na zikiachwa nje masika mbao inavimba. Chuma karibu na bahari kinapata kutu, aluminiamu inavumilia zaidi ila bei nayo inapanda.

Ukiwa unachukua ya mtumba usitoe hela mpaka uone siti ikipanda na kushuka mbele ya macho yako, maana bomba likishashikwa na kutu ndani umenunua baiskeli ya saizi moja milele. Nyanyua tairi la mbele zungusha, lishike litikise kushoto kulia, likicheza sana beringi zimekufa. Pitisha kidole pale bomba la usukani linapounganishwa na fremu kutafuta ufa. Grip za usukani ziwe na vichwa vinene mwishoni, chuma kikiwa wazi pale ndo kinaenda tumboni mtoto akianguka.

Na kama haipatikani ulipo au bei imekushinda, tafuta baiskeli ya kawaida ya inchi 12 umpelekee fundi atoe pedeli, krenki (ile mikono ya chuma inayoshika pedeli) na cheni. Kutoa pedeli peke yake haitoshi, krenki zitabaki zinamgonga mguuni. Kama unafungua mwenyewe, pedeli ya kushoto nati yake iko kinyume, inafunguka ukizungusha kufuata saa, watu wengi wanaikaza wakidhani wanafungua. Pia zile zenye breki ya kurudisha pedeli nyuma, ukitoa cheni breki imekufa, hakikisha ipo ya mkono au mtoto ni wa kusimama kwa miguu. Nyingi ni chuma na ni nzito hata ukishazivua, na siti haishuki sana, kwa hiyo hii njia inawafaa zaidi wa miaka mitatu na kuendelea. Zuri lake ni kwamba akishaweza kunyanyua miguu yote miwili na kuserereka bila kugusa chini, fundi anarudisha pedeli zilezile, vitu vyote vitunze kwenye mfuko mmoja.

Helmeti inunuliwe siku hiyohiyo, pima kichwa kwa kuzungusha futi juu kidogo ya nyusi, ikae usawa sio imeangalia nyuma. Viatu vya kufunika vidole, ndala hapana, kwa sababu miguu ndo breki.

Kwa kuanzia usimshike usukani wala usimsukume, mwache atembee nayo hata wiki nzima kama anataka, kuserereka kutakuja kwenyewe. Viwanja vya shule jumapili ni pazuri, na pwani maji yakitoka ule mchanga mgumu uliolowa ni pazuri zaidi, akianguka haumii. Ila jioni hiyohiyo isuuze na maji ya bomba, ikaushe, beringi uziwekee oili, ile chumvi haisubiri.