Namna ya kumsindikiza ndugu anayetumia unga wa heroini mpaka dirisha la methadoni

Kitu cha kwanza kupotea nyumbani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, kilikuwa mtungi wa gesi. Tukamfukuza binti wa kazi. Baadaye ikafuata pasi, zikafuata sufuria za mama, halafu mabati mawili ya banda la kuku. Ndipo tukajua ni kitinda mimba wetu, na binti wa watu alishaondoka na aibu isiyo yake. Nilimtafuta nimwombe radhi, sikumpata mpaka leo.

Nilipomwoza binti yangu, mama hakuja harusini. Lazima mtu abaki kulinda nyumba, alisema, na wengine wote walikuwa na kazi ukumbini. Ukitaka kujua unga unakula nini, usimwangalie teja peke yake, mwangalie na mama yake aliyekaa mlangoni na funguo kiunoni wakati mjukuu wake anaolewa.

Naandika kwa ajili yako uliyegundua juzi au jana. Kilichotusaidia ni methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa hospitali ili mtu asiumwe kwa kukosa unga. Haya ndiyo niliyojifunza tangu mwaka 2015, mengine kwa kukosea.

Kwanza, usimfungie ndani. Sisi tulimfungia. Kaka zangu walitia kufuli chumbani, tukampitishia uji dirishani. Arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, humwanza mtu kabla ya siku kwisha tangu kete ya mwisho: kamasi, miayo, tumbo, mifupa kama inapondwa. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Alilia usiku kucha, mama akilia upande wa pili wa mlango. Baada ya wiki akatulia, akaoga, akala wali, tukamshukuru Mungu tukafungua. Jioni yake akaenda kijiweni akajidunga kipimo kilekile alichokuwa amezoea. Hakuna aliyetuambia kwamba mwili ukipumzika unasahau kile kipimo, ila hamu haisahau. Kipimo cha zamani ndicho huua. Hatari hii inamhusu pia aliyetoka jela, na aliyetoka nyumba ya kuacha dawa za kulevya.

Wenzake walikuja kuniita. Nilimkuta midomo imebadilika rangi, anakoroma kama mtu anayesakamwa, pumzi moja kisha kimya kirefu. Ukimkuta nduguyo hivyo, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa, yatamwingia mapafuni. Mwite kwa nguvu, msugue kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoitika, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi mdomoni moja kila baada ya sekunde tano huku wengine wanatafuta bajaji. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuze ubavu. Hospitali sema wazi kwamba ametumia unga, usione haya, maana ipo dawa ya kuuzimua, naloksoni, na daktari akijua mapema hatapoteza muda. Wangu alipona. Kijana aliyekuwa amekaa naye siku hiyo alizikwa mwezi uliofuata.

Pili, chagua saa ya kuongea. Akiwa na arosto hasikii, anatafuta hela tu. Akiwa ametumia unga akasinzia, hasikii pia. Kuna kipande cha katikati, kwa wangu kilikuwa asubuhi baada ya kete ya kwanza, ambapo yeye ni yule mtoto uliyembeba mgongoni. Nilikaa naye kwenye ngazi. Sikutaja mtungi, sikutaja sufuria. Nilimwambia, "Mdogo wangu, nimesikia kuna dawa inatolewa hospitali. Nikusindikize?" Akanyamaza, akasema, "Dada, wataniita mwizi." Nikamwambia tutaitwa wote wawili. Hakukubali siku ile. Alikubali mara ya nne.

Tatu, ingia kwa njia sahihi. Kwetu Dar es Salaam methadoni ilianza kutolewa hospitali ya Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke mwaka 2014. Siku hizi ipo Dodoma, Mbeya, Mwanza, na Zanzibar ipo Kidongo Chekundu. Ndugu zetu wa Mombasa na Malindi wanayo pia. Ni bure. Sisi hatukuanzia getini. Tulipitia kwa waelimisha rika, vijana waliowahi kutumia ambao sasa wanazunguka vijiweni. Waulize mateja wenyewe, wanawajua. Mwelimisha rika ndiye aliyemwandaa, akamweleza maswali atakayoulizwa, akatupeleka mpaka kwenye benchi.

Atapimwa: virusi vya UKIMWI, homa ya ini, kifua kikuu. Jiandae kwa majibu, maana sindano hupita mikono mingi. Dar es Salaam kuna waliokuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyekwisha kujidunga, kwa kuamini ina unga wa kutosha kutuliza arosto. Huo ndio ukubwa wa maumivu tunayoyaita tabia mbaya. Na kama yuko kwenye dawa za kifua kikuu, hakikisha watu wa methadoni wanajua, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu ya methadoni, na jioni arosto itamrudia hata kama asubuhi alikunywa. Wangu alipata kifua kikuu, akaanza kutoroka mchana. Tulidhani ni ukaidi. Daktari aliongeza kipimo, akatulia.

Wiki mbili za kwanza kaa naye karibu mno. Wanaanza na dozi ndogo na kuipandisha polepole, hivyo ataona haimtoshi na atataka kujazia kwa unga, pombe au vidonge vya valiamu. Mchanganyiko huo husimamisha pumzi usingizini. Usiku nilikuwa naamka kumsikiliza anavyopumua, kama nilivyofanya alipokuwa mchanga.

Nne ni nauli, na hapa ndipo nimeona wengi wakianguka. Dawa ni bure lakini anayeanza huinywa pale dirishani, mbele ya mhudumu, kila siku. Nauli ya daladala ilikuwa 400. Mimi na yeye, kwenda na kurudi, ni 1,600 kwa siku, 48,000 kwa mwezi. Nilianza kuamka saa tisa usiku nikande chapati za kuuza, na hela ya chapati kumi za kwanza iliingia kwenye kopo la nauli, haiguswi hata kwa chumvi. Miezi mitatu ya mwanzo usimpe hela mkononi. Panda naye, lipa wewe. Ukichoka, gawaneni siku na ndugu, kila mtu ajue zamu yake. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa ameapa kutomtazama usoni, alichukua Jumamosi.

Mwezi wa saba alipotea siku kumi na moja. Usiseme basi, imeshindikana. Mrudishe, ila mwambie muuguzi ukweli kuhusu siku alizokosa, kwa sababu hawezi kupewa dozi ya zamani. Wanaanza tena chini kwa sababu ileile iliyotaka kumuua mara ya kwanza.

Na wewe je? Pale benchi la nje nilikutana na akina mama wanaosubiri watoto wao. Mmoja aliniuliza, "Wako anakula?" Hakuna mtu mtaani aliyewahi kuniuliza hivyo, huko waliniuliza tu kama ndiye aliyeiba vioo vya gari. Tukawa tunachangiana nauli, na mwenzetu akifiwa tunakwenda wote. Tafuta benchi lako. Mama yangu nilimpeleka mara moja, akakaa nao tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na usiku ule alilala bila kufunga funguo kiunoni.

Dirisha linafunguliwa siku zote saba, Krismasi na Idi pia. Idi iliyopita alitangulia kuamka yeye, akanigongea mlango. Tukaenda kliniki kwanza, pilau baadaye.